Ushuhuda Niliouharakisha

Wanawake wa kanisani kwetu, huku Utange, huniita mimi kila mtu wao anapoanguka. Mume akirudi kwenye pombe ya mnazi, naitwa. Binti akirudi nyumbani na mimba baada ya kuapa mbele ya kanisa zima, naitwa. Nafika na leso yangu ya kujitanda begani, naketi, nasema, "Haya, futa machozi, tuanze tena," na watu hudhani nilizaliwa na moyo huo. Sikuzaliwa nao hata kidogo. Nilizaliwa na kisirani, na mdomo mwepesi, na kiburi cha kutosha watu kumi. Moyo wa kuanza tena nilifundishwa ukubwani, tena kwa msiba. Nitasimulia yote, na pale nilipokosa nitasema nilikosa, maana nimechoka kusikia shuhuda zilizofuliwa na kupigwa pasi.

Mdogo wangu, kaka anayenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa teja. Nalitamka neno hilo waziwazi kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwa halitamkwi. Mama alipokuwa hai alisema tu, "Mwanangu anaumwa." Alianza kwa kuvuta unga, baadaye akawa anajidunga sindano. Aliuza redio, aliuza sufuria, aliuza viatu vya mume wa mtu. Siku moja aling'oa mlango wa choo cha mama akaenda kuuuza, na mama, mwanamke mtu mzima aliyeheshimika mtaa mzima, akawa anaingia chooni kwa kutundika leso mlangoni. Alikufa leso ile ikiwa bado inaning'inia pale. Nilimchukia mdogo wangu kwa ajili ya leso ile kuliko kwa vitu vyote alivyoiba.

Baadaye tukasikia habari za kliniki ya dawa. Wengi huku pwani wanaijua: dawa ya kunywa, methadoni, wanayopewa wanaotaka kuacha unga. Si dawa ya kukuponya kwa siku moja. Kazi yake ni kuushika mwili usipate arosto, yaani yale mateso ya kukosa unga, ili mtu apate akili ya kuishi kama watu. Kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, unakwenda mwenyewe hadi dirishani. Unapimiwa kiasi chako kwenye kikombe cha plastiki, unakunywa nesi akikutazama, unashushia na maji, kisha anakusemesha ili ajue umemeza kweli.

Nesi wetu wa dirishani alikuwa mama wa Kiislamu, Mswahili wa Mji wa Kale, mtu wa maneno yaliyokamilika na asiye na haraka. "Umeamkaje, mwanangu?" humwuliza. Mdogo wangu hujibu, "Nimeamka salama, mamangu." "Alhamdulillahi. Nenda kafanye kazi sasa." Basi. Miezi kumi na moja nilikwenda naye pale kila asubuhi, maana mwanzoni hakuaminika kutembea peke yake, na baadaye nilikuwa nimezoea.

Na kweli alifanya kazi. Alipata kibarua timboni, kule wanakochonga mawe ya kujengea, akawa anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Alinenepa. Meno yalikuwa yamekwisha kuharibika lakini alianza kucheka bila kufunika mdomo. Alichokifanya mwanzo kabisa alipopata chake ni kununua mlango wa mabati akaufunga kwenye choo cha mama. Mama alikuwa ameshazikwa. Nilimkuta amejifungia humo ndani analia, nikarudi jikoni nikajifanya sikumsikia.

Sasa nisemeje kuhusu kanisa letu bila kulichongea? Ni kanisa la mabati, mabenchi ya mbao, spika mbili kubwa zilizofungwa nje juu ya nguzo ili na walio majumbani wasikie neno. Nilipendwa pale, napendwa mpaka leo. Nilikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Na tuna desturi moja ambayo mgeni hawezi kuielewa mara moja: tunashuhudia kwa imani. Unasimama mbele ya watu, unamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halijatokea bado, unalisema kana kwamba limekwisha. Anayetafuta kazi hushukuru kwa kazi. Mgonjwa hushukuru kwa uzima. Na neno likishatoka pale mbele halirudishwi, maana kulirudisha ni kumwambia Mungu kuwa ni muongo.

Nimeona desturi hiyo ikiwainua watu. Siikebehi. Ila mimi niliitumia vibaya.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya huruma, ile huruma yenye meno, "Mdogo wako naye bado anatumia? Nasikia siku hizi serikali ndiyo inayompa." Akaenda zake. Jamani, nilikosa pumzi! Mimi, kiongozi wa maombi, niliyekesha na kufunga kwa ajili ya wagonjwa wa watu, kumbe nyuma yangu wanasema ndugu yangu amebadilisha chupa tu. Niliona haya. Haya yenyewe nikaivika nguo nikaiita imani, nikamwendea mdogo wangu akiwa anaosha miguu uani.

"Utakunywa dawa hii mpaka lini?" nikamwuliza.

"Nesi amesema tutaanza kupunguza mwakani, dada. Polepole."

"Mungu anangoja ratiba ya nesi?"

Akajimwagia maji mguuni. Alikuwa na adabu kwangu, na deni la moyo pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemwokota maskani, kule wanakokaa mateja, wakati hata mbwa walimkwepa. Nilijua hawezi kunikatalia, nikaendelea kumsukuma. Nikamwambia imani nusu si imani. Nikamwambia watu wanangoja kumwona mtu aliyefunguliwa, si mtu anayefungwa upya kila asubuhi dirishani.

"Unataka nisimame mbele?" akaniuliza hatimaye.

"Nataka usimame ukiwa huru kabisa."

"Haya, dada," akasema. Akaendelea kuosha miguu.

Jumapili iliyofuata hatukwenda kliniki. Alivaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe, akasimama mbele akiwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Namshukuru Mungu," akasema. "Leo sikwenda dirishani. Sitakwenda tena. Yesu ameniweka huru na unga, na ameniweka huru na dawa yenyewe." Wee! Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Watu walirusha leso, pasta alimkumbatia, mimi nilicheza mpaka kiatu kikanitoka. Yule mama wa kwaya nilimtafuta kwa macho nihakikishe ameona.

Pembeni yangu alikuwa ameketi jirani yangu, mjane anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba yake. Alilia kwa furaha kuliko mtu yeyote. Mwanawe wa pekee, mwanaume mtu mzima wa rika moja na mdogo wangu, alikuwa teja vilevile na alikunywa dawa kwenye dirisha lile lile. Mara nyingi tulikwenda na kurudi naye pamoja. Yeye kanisani hakuwa mtu wa kuja, lakini nyumba yao iko nyuma ya kanisa, na spika yetu moja imeelekea huko.

Siku ya kwanza mdogo wangu alikuwa sawa, nami nikaimba kutwa nzima. Ya pili alianza kupiga miayo na kutokwa na machozi yasiyo ya kilio. Ya tatu arosto ilimshika. Alitapika, aliharisha, alitetemeka chini ya mablanketi mawili katika joto la Mombasa, mifupa ikimuuma hata akawa anaomba nimkalie miguu. Nilijua ni nini. Nilikwisha kuiona. Lakini nilikuwa nimeshacheza kanisani, kwa hiyo niliamua kuita jambo lile jina jingine. Nikasema ni vita. Nikasema ni adui anatoka. Niliwaita akina mama wawili tukamwekea mikono, naye akiwa amekunjamana chini ya mikono yetu anasema, "Amina, dada. Amina."

Nesi alipiga simu. "Mamangu, siwaoni. Kuna usalama?"

"Usalama upo. Yesu amemponya."

"Hilo ni jema, na mimi pia nnamuombea. Lakini wallahi dawa hii haiachwi hivi, mamangu. Hupunguzwa kidogo kidogo. Mlete hata leo, sitamgombeza. Na yule mwenziwe naye simwoni siku ya tatu hii. Kuna nini huko kwenu?"

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anitazame vizuri. Niliambiwa. Niliambiwa kwa Kiswahili safi kwamba mtoto wa jirani yangu naye ameacha. Ningetembea hatua hamsini nikamwambia mamake. Na moyo wangu ulifanya nini? Ulifurahi. Nilidhani uamsho umeanza. Nikamshukuru nesi, nikakata simu, nikaenda kuwaeleza wenzangu kuwa Mungu anatenda.

Siku ya sita, asubuhi, nilikuwa namkanda mdogo wangu miguu kwa maji ya moto niliposikia kilio. Kilio cha mwanamke aliyefiwa hakifanani na kingine chochote. Nilitoka mbio na kitambaa mkononi. Walikuwa wamemkuta maskani, nyuma ya timbo la zamani, ameegemea ukuta, sindano bado ikiwa mkononi. Alishindwa na arosto, akaenda kutafuta cha kumtuliza, akajidunga kiasi kile kile alichokuwa akijidunga zamani. Nesi alinieleza baadaye kwamba mwili uliokaa bila unga muda wote ule hauwezi kubeba mzigo wa zamani. Humzima mtu kama taa.

Niliporudi nyumbani mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani. Nilitaka kumficha, lakini mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele.

"Alinisikia kwenye spika," akasema.

"Huwezi kujua hilo."

"Aliniambia, dada. Jumapili ile jioni alipita hapa dirishani kwangu, tukacheka. Alisema kama mimi nimeweza na yeye ataweza."

Alasiri nilipokuwa msibani aliondoka. Nilijua alikokwenda. Kesho yake nilimkuta pale pale maskani, mahali mwenzake alipofia, udongo bado una alama za watu waliombeba. Alikuwa ametumia. Alikuwa hai, kwa rehema za Mungu tu, au kwa sababu aliogopa akapunguza. Nilimburura hadi nyumbani huku namtukana, kisha namwomba msamaha, kisha namtukana tena.

Siku ya mazishi nilikwenda kumpa mkono mama wa marehemu. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, hana machozi tena. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mwanangu aliniambia, 'Mama, yule ameweza.' Nikamchinjia kuku," akasema. "Sasa wewe nenda nyumbani."

Nilinyanyuka nikaenda. Hakuna aliyenisindikiza.

Nikafikiri, angalau nimwokoe huyu aliyebaki. Nikamwambia mdogo wangu twende kliniki siku ile ile, nesi amesema hatagombeza mtu. Akakataa. Nilidhani ni ukaidi wa unga. Haikuwa hivyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amekonda ndani ya siku kumi kama mtu aliyeugua mwaka, akaniambia kwa upole:

"Nimeshukuru mbele ya watu, dada. Nikirudi kunywa, nimemfanya Mungu muongo. Afadhali nife nimeanguka kuliko niishi nimemwaibisha."

"Ala! Nani amekufundisha upuuzi huo?"

Aliinua macho akanitazama tu.

Basi hapo ndipo nilipojua jambo lilivyokuwa. Unga ulikuwa unamwua, lakini kilichomzuia kupona kilikuwa ule ushuhuda, na ushuhuda nilikuwa nimemvisha mimi, na mwenyewe hakuweza kuuvua. Nilimbembeleza siku nne. Kila siku alikuwa akitoroka kwenda maskani na kurudi, na kila alipochelewa kurudi nilisimama mlangoni nikisikiliza kama kuna kilio. Sikula. Kuomba niliomba, lakini ilikuwa ni kusema tu, "Mungu wangu, nimefanya nini," mara mia.

Siku ya tano nilimwendea pasta. Pasta wetu si mtu mbaya. Siku za kazi ni fundi cherehani, nikamkuta anashona sare za shule, futi shingoni. Nilimwambia nataka kusimama Jumapili niuondoe ushuhuda wa ndugu yangu.

Aliacha kushona. "Mama, sijaona ushuhuda ukiondolewa tangu nianze kazi hii. Watu wachanga wataanguka kiimani."

"Mmoja ameshaanguka kaburini, pasta."

Akavua miwani akajifuta macho. Akasema, "Na mimi nilimkumbatia."

Jumapili nilimwomba afungulie spika mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa nyumbani amelala, nyumba ya nne kutoka kanisani, na nilitaka asikie. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri lakini nilipofika mbele yote yalipotea. Nikasema yale yaliyobaki.

Nikasema, "Ushuhuda mliousikia hapa haukuwa wa ndugu yangu. Ulikuwa wangu. Mungu hakumwambia aache dawa. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu niliona haya mbele yenu. Nilimsingizia Mungu neno ambalo hakulisema, na mtoto wa mwenzetu amekufa. Naliondoa neno lile leo. Ndugu yangu hajamwaibisha Mungu. Kama ananisikia, arudi dirishani kesho. Akianguka kesho kutwa, arudi tena. Mungu aliyemtoa maskani mara ya kwanza hajachoka naye. Mimi ndiye niliyechoka, na mimi si Mungu."

Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Mama wa kwaya alikuwa anatazama mapajani kwake. Nilirudi kwenye benchi langu, na mwenzangu aliyekuwa ameketi hapo akajisogeza kando, si kwa ubaya labda, lakini alijisogeza. Mama wa marehemu hakuwepo. Tangu mazishi alikuwa hakanyagi kanisani.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu aliamka mwenyewe, akanawa uso, akanisubiri mlangoni. Dirishani nesi alimtazama, machozi yakamlengalenga, lakini alisema tu, "Karibu, mwanangu. Tunaanza chini kabisa, usikate tamaa."

Ningependa kuishia hapo, na mwaka mmoja nyuma ningeishia hapo. Ningepiga na goti. Lakini nimeahidi kusema kweli. Alikunywa wiki sita, akaanguka. Tukarudi. Alikunywa miezi miwili, siku ya ukumbusho wa kuzaliwa kwa yule marehemu akaanguka tena. Tukarudi, tukaanzishwa chini tena. Timboni walimfukuza. Kanisani uongozi wa maombi walimpa mtu mwingine, kwa upole, wakasema nipumzike. Watu walinisalimu, "Bwana asifiwe," nami nikajibu, "Amina," na mazungumzo yakaishia hapo. Kila nilipopita mbele ya nyumba ya mjane asubuhi nilimwona anageuza mahamri kwenye mafuta, na kila mara aligeuka upande wa pili mpaka nipite. Miezi minane hivyo.

Nami nikachoka. Sijui kama aliyewahi kubeba mtu wa namna hii atanishangaa. Unafika mahali unamtazama amelala, unamwona mbavu zikipanda na kushuka, na wazo linakujia kwamba zikisimama utapumzika. Nilipata wazo hilo. Nalisema ili mwingine aliyelipata ajue hayuko peke yake.

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, alikuwa ameanguka mara nyingine na alikuwa amekosa dawa siku mbili. Nesi alikuwa amenionya: zisipite tatu, hali itakuwa ya hatari. Niliamka, nikawasha jiko, nikateleka chai, nikaketi kwenye kigoda. Saa moja ikapita sikumwamsha. Saa mbili ikapita sikumwamsha. Hakukuwa na hasira moyoni, wala kilio, wala maombi. Nilikuwa nimeshika tama nikitazama chai inavyokauka, na nilikuwa nimeamua kwamba basi.

"Hodi."

Niliijua sauti, sikuamini. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga wa ngano hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameacha mahamri yake jikoni kwake bila mtu.

"Karibu, mama," nikasema, nikanyanyuka kumpa kigoda. Hakukitazama.

"Yuwapi?"

"Amelala."

"Sijawaona mkipita. Jana sikuwaona, na juzi sikuwaona. Dirisha hufungwa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mwamshe."

"Mama, ameanguka tena. Hii ni mara ya..."

"Sikukuuliza ni mara ya ngapi."

"Nimechoka," nikamwambia, na machozi yaliyonigomea wiki nzima yakatoka yote kwa pamoja, bila haya. "Nimechoka, mama. Siwezi tena. Nisamehe, lakini siwezi."

Alinisubiri nimalize. Hakunishika bega wala hakuniambia nyamaza.

"Mimi kila siku saa kumi na moja naamka kumwamsha mwanangu," akasema. "Mpaka leo. Nafika mlangoni kwake, nashika pazia, ndipo nakumbuka. Wewe wako yumo humo anakoroma, na umekaa hapa unatazama chai."

Akanipita akaingia chumbani mwenyewe. Nilimsikia akiita, "Mwanangu. Mwanangu, amka." Nilisikia kitanda kikigonga ukuta, maana mdogo wangu aliruka kana kwamba amemwagiwa maji. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama amejibanza pembeni, anatetemeka, hawezi kumtazama yule mama usoni. Yule mama alichukua shati lililokuwa msumarini, akamvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea. Unga wa mikono yake ukabaki kwenye shati.

"Nishike bega," akamwambia. "Nina nguvu."

Wakatoka. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, sijui nifanye nini na mikono yangu. Alifika uani akageuka.

"Na wewe vaa viatu."

Nikavaa. Tukatembea watu watatu, yeye katikati, mdogo wangu amemwegemea upande mmoja, mimi upande mwingine nikiogopa hata leso yangu isimguse. Tulipita mbele ya nyumba yake, wateja wamekaa wanangoja mbaazi, akawaambia, "Jihudumieni, narudi." Tulipita mbele ya kanisa. Nilikuwa nimejizuia miezi minane, na pale nikashindwa.

"Mama," nikamwambia, "utanisamehe lini?"

Hakusimama. Alikuwa anahema kwa uzito wa mdogo wangu.

"Hilo sijaliweza," akasema. "Kila siku nasema nitakusamehe, na jioni nakuta sijakusamehe. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, sikumficha. Kesho nitajaribu tena. Sasa tembea, dirisha litafungwa."